Babu wa Meza za Mawe

Nyumba hii ilikuwa na amri moja iliyowashangaza wageni wote: ukinywa chai, umwage kidogo. Usimwage hadi ifike sakafuni, maana sakafu haina mnunuzi. Umwage mezani, uache kikombe kikae juu ya ule unyevu, kisha uendelee na mazungumzo yako kama mtu asiyejua kuwa ameharibu kitu. Binti wa nyumba, ambaye alizaliwa na mikono mitulivu kupita wenzake wote wa darasani, alikuwa akigombezwa kwa hilo karibu kila jioni.

"Wewe! Kikombe cha pili hicho na meza bado kavu," mama yake humwambia. "Unataka tule nini mwaka huu?"

Meza zenyewe zilikuwa ndogo, za marumaru, zile za kukaa ubavuni mwa kiti ili mtu apate pa kuweka kikombe chake, miwani yake na simu yake. Alizitengeneza baba wa nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi na kuishia hapo. Kazi yake ya mchana ilikuwa kukata mawe ya majiko ya watu kwenye karakana ya tajiri mmoja. Vipande vilivyobaki tajiri alimwachia avichukue, naye alivibeba nyumbani kimoja kimoja, na siku za mapumziko akakaa uani kuvigeuza meza.

Alizipenda meza hizo, hakuna haja ya kuficha. Alikuwa anaweza kusugua ukingo wa jiwe kwa msasa wa maji asubuhi nzima, anapitisha kidole gumba, anakunja uso, anasugua tena. Zikiisha alizipanga mbele ya nyumba, mwenyewe akakaa pembeni akijifanya anasoma gazeti. Watu walipita, wakasifu, wakauliza bei, wakasema wanarudi sasa hivi. Fundi alikuwa mtaalamu wa kusubiri watu wanaorudi sasa hivi.

Siku moja alipita mwenye duka la samani kutoka upande wa mji wenye nafasi, bwana mmoja ambaye hata kwenye jua la mchana havui tai, ndiyo maana wakamwita Bwana Tai. Alizitazama meza za nje, akasema ni mpya mno. Kisha akachungulia ndani kupitia mlango uliokuwa wazi, akaona meza moja ubavuni mwa kiti cha mama mkwe wa Fundi. Meza hiyo mama mkwe alikuwa ameitumia kwa chai, kwa dawa ya kikohozi, kwa karanga na kwa kuegemezea mguu wenye uvimbe. Ilikuwa imepata rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Bwana Tai alipiga magoti mbele yake kama anayeposa.

"Hii ya zamani mnaiuza?" akauliza, na bei aliyoitaja ilimfanya Fundi adhani bwana yule ana homa.

Tangu siku hiyo sebule ikawa kiwanda. Mke wa Fundi alikuwa msusi aliyesukia nyumbani, na wateja wake waliombwa wajisikie huru, waweke chupa za mafuta na bakuli za rangi ya nywele popote mezani. Binti alifanyia hapo kazi zake za shule kwa kalamu ya wino unaovuja. Lakini mkuu wa kiwanda alikuwa mama mkwe. Alizungukwa na meza tatu kwa wakati mmoja, akazihudumia kwa zamu. Ni yeye aliyegundua kuwa nusu limau ikilazwa kifudifudi juu ya marumaru usiku kucha inakula mng'aro wote, asubuhi jiwe linaonekana limeona vita.

"Mimi kwa kuzeesha sina mpinzani," alijigamba. "Marehemu mume wangu angekuwepo angewaambia."

Meza ziliondoka, paa likapata bati jipya, na mkewe Fundi akaanza kuota chumba cha saluni chenye viti vya kweli, maana mgongo wake ulikuwa umechoka kuinamia vichwa vya watu waliokaa chini. Kila mtu alikuwa na furaha isipokuwa mtu mmoja, na huyo alijitahidi kujikaza. Bwana Tai aliwaambia wateja wake kuwa meza zile zimetoka kwenye nyumba za kale na aliyezichonga amekwisha kufa. Siku moja Fundi alipita mbele ya kioo cha duka, akaona meza yake chini ya taa ya peke yake, na mwanamume mmoja akiizunguka huku akisema kwa sauti, "Watu wa zamani bwana!" Fundi alitaka kugonga kioo. Akakumbuka bati, akakumbuka mgongo wa mkewe, akaenda zake. Alichokuwa anakitaka kilikuwa kidogo tu: mtu mmoja aulize hii kaitengeneza nani, na ajibiwe kweli. Hakumwambia yeyote, kwa sababu ukilitamka jambo la namna hiyo mbele ya watu wenye njaa ya saluni, unaonekana mtoto.

* * *

Bwana Tai alifika jioni moja na tai imekaa begani.

"Shemeji, tumepata balaa," alimwambia mke wa Fundi hata kabla ya kuketi. "Balaa zuri, lakini balaa."

Alipewa chai. Akamwaga kidogo, kwa adabu, kisha akaeleza. Mteja wake mmoja, hakimu mstaafu, mama mwenye nyumba kubwa na marafiki wenye nyumba kubwa zaidi, alikuwa amenunua meza moja. Ameipenda kupita kiasi. Sasa anataka mwenzake wa meza ile, na kabla ya kununua mwenzake anataka kuja kuona nyumba ambamo meza zile zilichongwa.

"Nani alimwambia kuna nyumba?" akauliza mke wa Fundi.

"Mimi."

"Na kwa nini?"

"Aliuliza, shemeji! Yule mama akiuliza, unajikuta umejibu. Amefunga watu maisha yake yote. Nikamwambia zilichongwa na babu mmoja, kwa nyundo na patasi, mashine hakuwahi kuigusa. Na kwamba binti wa babu huyo bado yuko hai." Akamgeukia mama mkwe na kuinamisha kichwa. "Samahani, mama. Binti mwenyewe ni wewe."

Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Baba yangu alikuwa mshona viatu," akasema. "Jiwe pekee alilowahi kushika alimrushia mbwa, tena akamkosa."

"Hakimu hajui hilo."

"Mbwa alijua."

Bwana Tai alisogeza kiti. Mama hakimu, akasema, anataka kupamba baraza na vyumba vyote vya wageni, na akiridhika ataleta rafiki zake. Yeye yuko tayari kuwapa kona nzima ya duka, meza zitakazotengenezwa zote azichukue, na kwa mwendo huo saluni si ndoto tena. Akinusa uongo, basi. "Sitawajua, na ninyi hamnijui. Biashara yangu ni jina langu."

Mke wa Fundi alikuwa amekwisha kukata shauri kabla hajamaliza. Ilionekana namna alivyonyoosha mgongo.

"Na mimi nitakuwa nani?" akauliza Fundi.

Wote wakamtazama. Walikuwa wamemsahau, ingawa alikaa katikati yao.

"Wewe utakuwa mkwe," mkewe akasema.

"Mkwe ni mimi tayari."

"Basi umepata kazi rahisi kuliko sisi."

Bwana Tai akacheka, binti akacheka, hata mama mkwe akatikisika kidogo. Fundi naye alicheka, kwa kuwa hakutaka waone ilivyomuuma. Mtu wa kuuliza amepatikana hatimaye, na jibu limekwisha kugawiwa maiti ambaye hata kuzaliwa hakuzaliwa.

* * *

Wiki ile yote chakula cha jioni kiligeuka mazoezi. Mama mkwe, ambaye mwanzoni alinuna, alinogewa vibaya. Siku ya kwanza babu alikuwa mzee wa kawaida mwenye nyundo. Siku ya pili akawa mrefu mwenye kifua. Siku ya tatu alikuwa na ndevu zilizofika tumboni, ambazo alizifunga kitambaa zisiingie vumbi, na siku ya nne akakataa kumuuzia meza mfalme.

"Mfalme gani, mama?" mke wa Fundi akalalamika. "Usitie chumvi."

"Nimetia kidogo tu. Mlitaka nimpelekee mgeni mchuzi chapwa?"

"Mfalme hapana. Weka tajiri."

"Basi tajiri. Lakini alikuja na farasi."

Fundi alitafuna mkate wake. Alikuwa ameanza kumchukia babu huyu, chuki kamili, kama ile ya kumchukia mtu aliyepandishwa cheo kazini ukaachwa wewe. Babu hakuchoka, babu hakukosea kipimo, jiwe likimwona babu linajikata lenyewe.

"Kama anajua hivyo," Fundi akasema ghafla, "kesho aje anisaidie kubeba jiko la watu ghorofa ya tatu."

"Una wivu na marehemu?" mkewe akamuuliza.

"Marehemu gani! Huyo mtu hayupo!"

"Shh! Ukizoea kusema hivyo itakuponyoka mbele ya mgeni."

Usiku huo kabla ya kulala, mkewe alimpapasa bega. Akamwambia anajua. Akamwambia avumilie Jumamosi moja tu, aone viti vya saluni vitakavyokaa vizuri pale upande wa dirisha. Fundi akasema sawa. Na kweli alikusudia iwe sawa, tusimwonee.

* * *

Hakimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya kamba na macho yasiyopepesa. Alishuka kwenye gari akiwa na mwavuli, akampa Fundi mlangoni bila kumtazama, kama mtu anayetundika kitu kwenye msumari. Bwana Tai aliingia nyuma yake akitabasamu kwa meno yote.

"Meza yangu iko kwenye gari," Hakimu alimwambia Fundi. "Niletee, niilinganishe na mwenzake. Taratibu, baba. Hiyo si kreti ya soda."

Fundi alienda kuileta. Aliubana mwavuli kwapani, akaishika chini ya ukingo, pale ambapo mwenyewe alipunguza jiwe kidogo ili vidole vya mbebaji visiumie, akaiweka katikati ya sebule. Ilikuwa miezi mingi hajaiona. Alitamani akae mbele yake kidogo aitazame, lakini Hakimu alikuwa amekwisha kuinamia.

"Tazameni ukingo huu," akasema. "Mtu ana subira ya wapi siku hizi? Fundi wa leo ukigeuza kisogo amepaka gundi na anadai chake. Na oneni mguu huu unavyochepuka kidogo kuliko wenzake. Mashine haiwezi hivyo. Huo ni uhuru wa mkono wa kale."

"Kabisa, Mheshimiwa," akasema Bwana Tai.

Hakimu akamgeukia Fundi. "Wewe unafanya kazi gani?"

"Nakata mawe ya majiko, Mheshimiwa."

"Kwa mashine?"

"Kwa mashine."

"Basi kaa hapo usikilize. Huenda ukaokota kitu."

Fundi akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mwavuli wa mgeni bado kwapani. Binti yake alimtazama mara moja, akaangusha macho. Mkewe alileta chai, akaiweka kwa uangalifu bila kumwaga tone, na kwa muda watu wa nyumba wote wakaikodolea macho chai hiyo isiyomwagika kama kitu kigeni.

"Sasa, mama," Hakimu akamwambia mama mkwe, "nieleze habari za baba yako."

Mama mkwe akakohoa, akashika magoti yake. "Baba yangu alikuwa mtu mrefu, mwenye kifua kipana na ndevu zilizofika tumboni. Alichonga kwa nyundo na patasi. Siku moja alikuja tajiri mmoja juu ya farasi..."

"Ngoja," Hakimu akasema. Hakusema kwa ukali. "Mama, mimi nimesikiliza mashahidi tangu nikiwa msichana. Hayo umeyakariri. Labda ulisimuliwa na watu, si neno. Achana na tajiri na farasi wake. Niambie ulichokiona kwa macho yako, wewe mwenyewe, ulipokuwa unamtazama akifanya kazi."

Bwana Tai alishika fundo la tai yake. Mama mkwe aliangalia kulia na kushoto, mtu aliyeporwa farasi katikati ya safari. Katika maisha yake yote alikuwa amemwona mtu mmoja tu akiyafanyia kazi mawe. Akashusha pumzi, na alipoanza tena sauti yake ilikuwa nyingine.

"Anarudi amechoka," akasema. "Ananawa mikono, uso haunawi, anaubakiza na vumbi lake. Anapitiliza uani. Hata hajauliza kuna chakula gani."

"Ehe," akasema Hakimu.

"Akilipata jiwe analigonga kwa kifundo cha kidole, anaweka sikio. Mwanzoni nilidhani ana wazimu. Kisha anasugua. Akisugua anaimba kwa pua, wimbo hauna maneno, hauna mwisho, ukiusikiliza sana unaumwa kichwa. Na anaongea na jiwe. Analiambia tulia, tulia kidogo, tunamaliza. Watu hasemi nao hivyo."

Binti akaacha kutikisa mguu.

"Kidole gumba chake kimelika chote kwa kupapasa ukingo. Sasa hata simu haikitambui... hata..." Mama mkwe akajikwaa, akapangusa paji la uso. "Namaanisha kimelika. Na mvua ikinyesha ghafla, anavua koti lake analifunika jiwe kwanza. Jiwe, Mheshimiwa! Jiwe haliogopi mvua. Limetoka mlimani. Yeye anasimama pale analowa, na jiwe limevaa koti."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Dirishani. Najifanya nasinzia."

"Ulimwambia kuwa unamwona?"

Mama mkwe aligeuka akalitazama dirisha. "Sikumwambia," akasema. "Ningeanzaje? Tulikuwa tumezoeana kwa ugomvi. Yeye anadhani namwona mtu wa vumbi tu. Lakini nilikuwa nikimtazama nasema moyoni, huyu hajui kufanya kitu nusu nusu. Ndicho hicho."

Fundi hakusogea. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu chini ya paa moja tangu arusi, na neno jema alilowahi kupata kwake lilikuwa kwamba hakoromi sana. Sasa masikio yalikuwa yanawaka moto. Mkewe alimtazama na macho yake yalikuwa na maji. Watu wa nyumba walijua ni nani anayezungumziwa. Wageni wawili tu ndio hawakujua, na mmoja wao alikuwa anapangusa macho kwa kitambaa.

"Mtu kama huyo hafai kupotea," Hakimu akasema. "Nitamtafuta mtu wa kuchora herufi, nimwekee jina lake chini ya meza yangu. Aliitwa nani?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Walikuwa wamempa babu urefu, kifua, ndevu, kitambaa cha ndevu, tajiri na farasi wa tajiri. Wiki nzima ya mazoezi, watu wazima watatu na mtoto wa shule, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumpa jina.

Mama mkwe alifungua mdomo. Ukabaki wazi.

"Babu," mke wa Fundi akasema haraka. "Sisi tulimwita Babu tu."

"Wewe, sawa. Namuuliza mama. Mama, baba yako mzazi humjui jina?"

Bwana Tai alipaliwa na chai. Mama mkwe bado alikuwa anahangaika kati ya jina la mshona viatu, ambalo kulichanganya na uongo huu aliona ni kumtukana marehemu, na jina la kubuni, ambalo siku zote lipo tele ila siku unapolihitaji. Ndipo Fundi akainuka kwenye kigoda.

"Jina ni langu, Mheshimiwa," akasema.

"Lako vipi?"

"Meza nimetengeneza mimi. Hii na mwenzake. Babu hakuna."

Hakimu alimtazama vizuri, mara ya kwanza tangu aingie, kuanzia viatu mpaka vumbi la nywele. Kisha akamtazama mama mkwe. "Ni kweli?"

"Ni kweli," akasema mama mkwe. "Na farasi pia hakuna."

* * *

Hakimu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alivaa miwani, akamwambia Fundi apindue meza, akamuuliza jiwe limetoka wapi, miguu imeshikwa na nini, rangi hii ya uzee imepatikanaje. Fundi akajibu yote, hata limau. Aliposikia habari za limau Hakimu alifumba macho kwa muda.

Kisha akaitazama meza upya. Wote waliona uso wake ukibadilika, ukishuka kutoka kwenye ibada hadi kwenye ukaguzi.

"Mguu huu umetoka nje," akasema.

"Umetoka, Mheshimiwa."

"Wenzake wamesimama, huu umechepuka. Si uhuru wowote huu. Ni makosa."

"Ni makosa. Niliona wakati gundi imekwisha kukauka."

"Na kwa nini hukuung'oa?"

"Nilifanya uvivu."

"Ukaona nani atatazama."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Niliona hivyo."

"Mtu mwenye mkono kama wako! Aibu. Unasugua ukingo wiki nzima, halafu mguu unauacha kama mlevi! Usirudie."

"Sirudii, Mheshimiwa."

Hakimu akainuka, akachukua mwavuli wake kwapani mwa Fundi. "Meza hii Bwana huyu atairudisha dukani na mimi nitarudishiwa changu," akasema. "Si kwa sababu ya mguu. Mguu ningeuvumilia. Ni kwa sababu ya babu." Mlangoni akageuka, akamtazama mama mkwe kwa muda mrefu. "Sehemu ya pili ya ushahidi wako, mama, naipokea," akasema, akaenda kwenye gari.

Bwana Tai alibaki nyuma kidogo ili awaambie watu wa nyumba ile anavyowafikiria. Hayo hatutayarudia hapa. Alimalizia kwa kusema kuwa tangu leo yeye hawajui, na akafungua tai yake, ikawa ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho wao kuiona shingo yake.

* * *

Jumatatu mkokoteni ulileta meza zote zilizokuwa zimebaki dukani. Sebule ikajaa hata mtu alipita kwa ubavu. Mteja wa kusukwa alifika, akaona hakuna pa kukaa, akasema anarudi sasa hivi.

Mke wa Fundi alikaa juu ya moja ya meza, mikono mapajani. "Umefurahi?" akamuuliza mumewe.

Fundi alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa swali halikuwa la mzaha. "Saluni inaniuma," akasema. "Inaniuma kweli. Mgongo wako nauona kila siku. Nitatafuta njia, hata kama ni kubeba majiko ya watu usiku. Lakini ukiniuliza kama najuta kusema, sijuti."

"Amekuaibisha mbele ya mtoto wako. Mlevi, uvivu, aibu. Mtaa mzima utasikia."

"Umesikia alivyosema?" Fundi akasema, na hapo uso wake ukamsaliti, tabasamu likatoka pande zote mbili bila ruhusa. "Mkono kama wako, usirudie. Aliniambia mimi. Hakumwambia babu."

Mkewe alimtazama kama anayetafuta pa kushika ili ajue aanzie wapi kumgombeza. Alikuwa ameapa hatasema naye mpaka wiki iishe, na kumbe ndiyo kwanza Jumatatu. Akageuza uso upande wa ukuta.

Fundi akainyanyua meza ya Hakimu, akaipindua juu ya magoti yake, akaanza kuutikisa ule mguu.

"Unafanya nini?" mama mkwe akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Naung'oa, mama. Niuweke upya."

"Mguu gani?"

"Huu. Umetoka nje."

"Haujatoka."

"Umetoka, mama. Hakimu ameuona."

"Hakimu ana macho manne na yote hayaoni! Acha mguu wa watu. Umekaa vizuri."

"Mama, meza nimetengeneza mwenyewe, najua. Nilikosea."

"Hukukosea!"

"Nilikosea!"

Mke wa Fundi alivumilia kadiri alivyoweza. Kisha akashuka kwenye meza aliyoikalia, akapiga magoti, akafumba jicho moja na kuupima mguu ule kwa ncha ya kitana chake cha kusukia. "Umetoka," akasema. "Kidogo."

"Haujatoka!" mama mkwe akapaza sauti, akainuka kwenye kiti bila kushikwa mkono na mtu. "Ninyi mnaniambia mimi? Siku anauweka nilikuwa hapo dirishani, nimeona kwa macho yangu!"